Vigelegele vya Mstari wa Mbele

Nyanza-Lac, tarehe 2 Juni

Salaam aleikum Shangazi Hadjara, na shikamoo,

Haya, nimekaa chini na kalamu kama ulivyoamuru. Darius, mwenye nyumba ya wageni ninapolala, ameniuliza kama naandika wasia. Nimemwambia shangazi yangu wa Rumonge hataki simu, eti kwenye simu namjibu "ndiyo Shangazi" halafu nafanya yangu. Amecheka mpaka akakohoa. Barua itakuja na vijana wa baiskeli wanaobeba mawese, maana mabasi hayana esansi kwenye tangi na tangu Ijumaa sijaona hata moja likielekea huko kwenu.

Kazi inakwenda vizuri. Uliniona mwezi uliopita nilipopita kartiye yetu nyumba kwa nyumba na kofia ya kamati ya Rais na karatasi zangu. Nimemaliza sasa, kutoka Minago mpaka huku. Nilikuwa nauliza kila mtu umri wake, kama ana hasira na maisha, na kama mwakani atampa Rais kura tena. Majibu yako wazi kabisa, Shangazi. Chini ya miaka thelathini wote wanafoka: esansi hakuna, kazi hakuna, diploma zinaliwa na panya. Juu ya hamsini ni utulivu mtupu. Wazee hawana hasira, mmezoea. Wako na Rais moyo mmoja. Mkuu wangu, Bwana Ndayisaba, alifurahi sana kusoma. Anasema vijana wanapiga kelele na wazee wanapiga kura, kwa hiyo tujenge na wazee.

Ndiyo maana nakuandikia. Jumamosi tarehe 20 mjumbe wa Rais anashuka kutoka Bujumbura. Asubuhi atasimama Rumonge, mchana huku Nyanza-Lac, na televisheni itakuwepo. Ndayisaba anataka mstari wa mbele pale Rumonge ukae wamama watu wazima, na mjumbe akishuka kwenye gari wapige vigelegele vya kutikisa mji. Nikamwambia hiyo niachie mimi. Shangazi yangu na mama yangu Chausiku wakisema neno, wanawake wa kartiye yote ya Waswahili wanatoka. Nikifanikiwa, naingia ofisi ya mkoa. Kazi ya kudumu, yenye meza, si hii ya kofia. Unajua nimekaa miaka minne na diploma chini ya godoro lako.

Msalimie sana Mama Chausiku. Nilipomuuliza maswali yangu, kama ana hasira, alicheka akaniambia, "Hasira nitaipeleka wapi, mwanangu, kaa ule." Nikala. Mihogo na samaki mukeke. Sikuweza kuondoka mpaka nimemaliza sahani.

Naomba jibu lako haraka.

Mtoto wako,
Asmani


Rumonge, tarehe 6 Juni

Asmani mwanangu,

Marahaba, na waleikum salaam. Barua yako imefika na doa la mawese kwenye kona, lakini inasomeka. Nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nimekasirika kuliko ya kwanza. Ndiyo maana napenda barua.

Wewe mutoto, nani alikwambia wazee hawana hasira? Ulisimama mlangoni kwangu na kofia kichwani ukaniuliza kwa sauti, "Shangazi, una hasira?" Jirani anasikia upande huu, shefu wa kartiye anapita upande ule. Ulitaka nijibu nini? Nilikwambia umepungua mwili kwa sababu ulikuwa umepungua. Kumbe ukaandika "hapana"! Aka! Na hizo nyumba zingine zote uliandika hivyo hivyo?

Basi nakwambia hapa kwenye karatasi. Nina hasira. Mawese yangu yanalala wiki nzima yakingoja gari. Ndagala nilizoanika zinaota ukungu. Tunapanga foleni ya sukari kama watu wa kambini. Halafu redio inatuambia tuvumilie, na anayesema anaonekana ameshiba.

Na bado nitampa kura. Usishangae. Mwaka wa tisini na sita, wakati wa vita, mimi na Chausiku tulilala ndani ya mitumbwi na watoto, tumewafunika vinywa kwa kanga wasilie, tunasikia risasi huko milimani. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Sasa nalala kitandani kwangu, komeo moja tu mlangoni, na asubuhi naamshwa na jogoo. Mutu aliyelala vile hampimi Rais kwa esansi peke yake. Nyinyi mliokuja baadaye mnampima kwa esansi, na sisemi mnakosea, ndiyo mnayoijua. Mimi na yeye ni kama mutu na mume aliyemchagua mwenyewe. Nitamgombeza jikoni, lakini sitaki jirani aingilie. Usiandike tu kwamba sina hasira. Hiyo ni kunifanya mujinga.

Na wewe mwenyewe je? Una miaka ishirini na sita. Uko kwenye hesabu ya wanaofoka. Hasira yako umeiandika wapi?

Mambo ya tarehe 20 nimezungumza na wamama. Wengine wamenuna, wengine wameuliza kama kutakuwa na soda. Chausiku ndiye aliyemaliza mjadala. Alisimama akasema, "Asmani amenyonya titi langu tangu mama yake alipozikwa, akiomba kigelegele nitampa, ata kama nabaki peke yangu." Ukimjua Chausiku unajua hakuna aliyebisha. Kigelegele chake kinasikika mpaka upande wa Kongo. Kifua tu ndicho kinamsumbua siku hizi, anabanwa akipanda kilima. Nimemwambia apumzike, akapumzika kwa kwenda Minago kwa binti yake kusaidia kukamua mawese! Huyo ndiyo Chausiku. Atarudi siku moja kabla ya wageni wenu.

Tutakuja, basi. Ila na wewe uje uonekane. Usitutume kama mbuzi na mchungaji amebaki nyumbani.

Mimi shangazi yako,
Hadjara binti Rachidi


Nyanza-Lac, tarehe 11 Juni

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Murakoze sana, sana. Nimemsomea Ndayisaba kile kipande cha Mama Chausiku, amepiga makofi. Kile cha ndagala na redio nimekiruka. Usinikasirikie.

Vitenge vyenye picha ya Rais vinakuja na gari la kamati, vipya, kila mama na chake. Shefu wa kartiye atavigawa. Mwambie Mama Chausiku akae katikati, mbele kabisa, kamera itamtafuta yeye.

Kuhusu kuja mwenyewe, Shangazi, haiwezekani. Siku hiyo niko huku, napanga watu wa Nyanza-Lac. Na simu yangu nimeizima, natumia ya kamati tu, maana ile ya zamani marafiki wananipigia kunitukana. Wananiita muuza nchi. Watoto niliosoma nao!

Uliniuliza hasira yangu nimeiandika wapi. Mimi sina hasira, nina kazi. Mtu mwenye kazi hana nafasi ya hasira.

Na nimeanza kuonekana. Jana mkutano wote ulikuwa kilio cha esansi. Magari ya maandalizi yamekauka, Ndayisaba anajishika kichwa. Nikanyoosha mkono. Unamkumbuka Lameki niliyesoma naye? Sasa ni mlinzi kwenye kile kituo kidogo cha afya, kule juu upande wa Minago. Aliwahi kuniambia wana pipa la esansi, akiba ya gari la wagonjwa. Nikasema, si tuliazime mpaka Jumatatu baada ya sherehe? Gari lenyewe linatoka mara moja moja. Leo asubuhi tumelichukua pipa, karatasi imesainiwa, tutarudisha Jumatatu tarehe 22. Ndayisaba amenishika bega mbele ya watu wote akasema, "Huyu kijana ana akili." Nimengoja miaka minne mtu aseme hivyo, Shangazi. Nilitaka uwe wa kwanza kujua.

Mtoto wako,
Asmani


Rumonge, tarehe 18 Juni, Alhamisi asubuhi

Asmani,

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mama yako Chausiku ametutoka leo baada ya alfajiri. Kifua kilimbana huko Minago. Gari la wagonjwa halikuweza kuja, wakamleta kwa baiskeli, na roho ikatoka njiani kabla ya kuingia mjini. Tunamzika leo baada ya alasiri.

Nimewakataza watu wasikutafute kwa simu. Msiba wa mama kwetu unaletwa na mutu, si na simu, na wewe uko njiani kila siku na pikipiki. Abasi, kijana wa mawese, anakuletea barua hii kwa baiskeli. Mazishi hutayawahi. Tanga utaliwahi, linaanuliwa Jumamosi kwa hitima. Acha kila kitu uje.

Mengine utayasikia ukifika.

Hadjara


Nyanza-Lac, tarehe 21 Juni

Shangazi Hadjara,

Sijui nianze na shikamoo au nisianze. Nimeaibika. Sijawahi kuaibika hivi tangu nizaliwe.

Ndayisaba alinipigia jana saa nne. Hakusalimia. Alisema, "Wazee wako wamekaa kama mawe." Kisha akanitumia picha za video. Nikaangalia, nikafikiri mashine imekufa sauti. Mjumbe anashuka kwenye gari, anainua mikono, ngoma zinapiga, watoto wanapiga makofi, na nyinyi mstari mzima mmekaa na vitenge vyenu, midomo imefungwa. Hakuna hata mmoja! Mtangazaji alitoa ishara mara mbili. Wewe Shangazi ulikuwa unaangalia miguu yako.

Na kile kiti. Mliacha kiti wazi katikati, mbele kabisa, na kitenge kimekunjwa juu yake, picha ya Rais imeelekea juu. Nani aliwafundisha siasa ya namna hiyo? Kamera ilikaa pale mpaka Ndayisaba akasimama mbele yake. Hata wale vijana wanaofoka kila siku hawangethubutu. Nimeulizwa nani aliwalipa. Nimeulizwa mimi!

Basi furahini. Kazi ya mkoa amepewa Jean Bosco, mtoto wa dada yake Ndayisaba, ambaye hajui hata njia ya Kigwena. Mimi nimeambiwa nibaki mpaka mwisho wa mwezi nikusanye fulana. Ulisema mtakuja. Uliniandikia kwa mkono wako. Kama mlikuwa na hasira kiasi hicho, si mngebaki majumbani kwenu? Mimi nilikosa nini? Nilikuwa upande wenu, nilimwambia kila mtu kwamba wazee wa Rumonge ni watu wa neno lao.

Najua utaniambia ningekuja mwenyewe. Barua yako aliyoileta Abasi nimeikuta kwa Darius Ijumaa jioni nikitoka Makamba. Sijaifungua. Iko kwenye begi. Nilikuwa na watu elfu wa kupanga, na najua kilichomo: njoo uonekane, usitutume kama mbuzi. Nimeshaisoma hiyo.

Lakini kinachoniuma kuliko vyote ni Mama Chausiku. Wengine nawaelewa. Yeye alisimama akaapa kwa titi alilonipa. Nimerudia video mara nyingi nikimtafuta usoni, sikumwona. Alijificha nyuma? Au hata kuja alikataa? Mwambie nimekasirika naye. Mwambie nilingoja kigelegele chake kimoja tu, hata kama angebaki peke yake kama alivyosema.

Asmani


Rumonge, tarehe 23 Juni

Asmani,

Kabla hujasoma mstari wa pili, fungua begi. Toa barua aliyoileta Abasi uisome. Ni fupi. Kisha urudi hapa.

Umesoma? Kaa chini kwanza. Mwambie Darius akupe maji.

Sasa nakujibu, na nitakujibu yote, kwa sababu barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara nimelia, halafu nikasema mutoto huyu hajui, mutoto huyu hajui. Nilikungoja tangu Ijumaa. Kila baiskeli iliyopiga kengele nilitoka nje. Abasi alikukosa, ulikuwa Makamba, akaiacha kwa Darius bila kumwambia kilichomo. Alifanya sawa, msiba hauambiwi mgeni kabla ya mwenye msiba. Tulidhani umeshajua na umekataa kuja kwa ajili ya kazi. Wamama walisema hivyo mbele yangu.

Kwanza, hatukugoma. Wewe umekulia nyumba hii, unajua wanawake wa kwetu hawapigi kigelegele tanga likiwa halijaanuliwa. Jumamosi asubuhi tulikuwa tumekaa kwenye mikeka, tunangoja hitima, ndipo shefu wa kartiye akaja na gari kutuchukua. Tulimwambia tuna msiba. Akasema majina yenu yameshapelekwa, mbona mnataka kumwangusha mutoto wenu Asmani? Basi tukazungumza sisi kwa sisi. Nikasema, Chausiku alitoa neno kwamba tutakuja. Tukaenda kwa neno lake. Kukaa tuliweza, vigelegele hapana. Kile kiti ni chake, ulisema akae katikati, mbele kabisa. Kitenge chake kilikuwa kimeshagawiwa kwa jina lake. Tungekipeleka wapi? Tulikiweka mahali pake. Hakuna aliyetufundisha kitu.

Ata hivyo sitaki kukudanganya. Nilipoketi pale, nilimshukuru Mungu kwamba dini inanikataza. Kwa sababu ata bila tanga nisingeweza. Hasira ilikuwa imenijaa mpaka kooni, na nilikuwa naangalia miguu yangu ili nisiangalie lile gari la kamati, maana nilijua linatembea na nini.

Sasa soma polepole. Jumatano jioni kifua kilimbana Chausiku. Binti yake alikimbia mpaka kile kituo cha juu. Dereva yupo, gari lipo, mashine ya hewa ipo ndani ya gari. Esansi hakuna. Lameki aliwaambia pipa wamelichukua watu wa ugeni, litarudi Jumatatu. Wakatafuta pikipiki, zote zimekauka. Asubuhi, kabla ya jua, wakamfunga na kanga nyuma ya baiskeli ya mawese ili asianguke, kijana mmoja anasukuma, binti yake anamshika mgongo. Kwenye vilima walishuka wakamsimamisha apate pumzi. Aliuliza wageni wanakuja lini. Alisema, "Nisikose, nimemuahidi Asmani." Binti yake ndiye aliyeniambia, hajui anamwambia nani.

Barua yako ya pipa nilikuwa nayo kwenye mkoba, imekunjwa pamoja na tasbihi. Kwenye tanga wamama waliuliza, nani hao watu wa ugeni? Nani aliwaonyesha esansi ya wagonjwa? Lameki alisema "watu wa kamati" tu, hakutaja jina. Wote wakanigeukia mimi, kwa sababu mutoto wangu ni wa kamati. Nikasema sijui. Nikasema tena, sijui. Sijapata kusema uongo kwenye nyumba ya msiba.

Hukutaka kumuua. Najua. Ulitaka mutu akushike bega. Lakini mimi nilikuandikia kwamba yuko Minago na kwamba kifua kinambana. Ulisoma, ukaruka kwenye kigelegele.

Unataka kujua sasa kama wazee tuna hasira. Chukua karatasi yako uandike vizuri safari hii. Jina, Hadjara. Umri, sitini na mbili. Hasira, ndiyo. Kwenye kura acha wazi. Nilikwambia niko naye kwa sababu nalala. Tangu Alhamisi silali.

Shangazi yako,
Hadjara


Nyanza-Lac, tarehe 25 Juni

Shikamoo Shangazi,

Nimesoma zote mbili. Nimezisoma pale pale kwenye ngazi za Darius, akaniletea maji kama ulivyosema, sikuweza kuyanywa.

Sijui kuandika. Nimeanza mara nyingi nikachana. Nilimwandikia "nimekasirika naye" akiwa kaburini siku ya tatu. Wewe ukaipokea hiyo barua. Naomba uichome, Shangazi. Zile zingine acha.

Nilikwenda kwa Ndayisaba. Nilimwambia mama yangu amekufa kwa sababu ya lile pipa. Alisema pole, na akasema vitu hivi vinatokea, na akasema nisimwambie mtu mpaka wageni wa mwezi ujao wapite. Nikamuuliza pipa lilirudishwa Jumatatu? Hajui. Nikampigia Lameki. Halijarudishwa. Kuna magari mawili bado yanatembea nalo. Lameki alilia kwenye simu. Anaogopa kufukuzwa, anadhani ni kosa lake kwa sababu alinifungulia mlango.

Uliniuliza hasira yangu nimeiandika wapi, nikakujibu kwa majivuno. Sasa ninayo na sijui nimpelekee nani. Nikimpelekea Rais, yeye hamjui Mama Chausiku wala Lameki wala mimi. Ndayisaba ameshaanza kuongea mambo mengine. Kila njia ninayoifuata inarudi kwenye ule mkutano, mkono wangu uko juu, nataka wote wanione. Na marafiki zangu walionitukana, nilitaka kuwapigia niwaambie mlisema kweli, halafu nikaona kwamba hata hilo ni kutaka mtu anishike bega.

Nimevua kofia. Nitaitupa ziwani. Leo nauza ile pikipiki niliyokopeshwa... hapana, si yangu, nitairudisha. Niko natafuta esansi huku, nikipata hata kidogo nitaipeleka mwenyewe pale kituoni.

Nakuomba ruhusa, Shangazi. Naweza kuja? Wamama watanipokea? Binti yake je, mimi ni ndugu yake wa kunyonya, nitamwangalia vipi? Ukiniambia nisije, sitakuja. Ukitaka wewe ndiye umwambie, nitakushukuru maisha yangu yote. Ukitaka tunyamaze wote wawili mpaka tufe, pia nitaweza.

Asmani


Rumonge, tarehe 27 Juni

Asmani mwanangu,

Marahaba. Barua ile nimeichoma asubuhi, nilipokuwa nakoka moto wa chai. Imekwisha, tusiizungumze tena.

Kunyamaza sisi wawili mpaka tufe, hilo mimi siwezi. Nimenyamaza siku chache tu na mkoba umekuwa muzito kama gunia. Kumwambia binti ya Chausiku kwa niaba yako, hilo pia siwezi. Ulinyoosha mkono peke yako mbele ya watu, utasema peke yako mbele ya watu. Atakujibu nini sijui. Anaweza kukufukuza, ni haki yake. Wamama nao sijui. Mimi nitakuwa nimesimama karibu, basi.

Lameki umwambie wewe mwenyewe kwamba kosa si lake, kabla hujamwambia mutu mwingine yeyote. Yule kijana ana watoto.

Na kofia usiitupe ziwani. Ziwa halikukosea. Irudishe kwa Ndayisaba mkononi na umwambie kwa nini, ili mbele ya wageni wa mwezi ujao asiseme hakuambiwa. Esansi ukipata, ya kujaza chupa moja au ya kujaza debe, ipeleke. Ukikosa usikae huko ukisingizia unatafuta. Njoo.

Usije na gari la mutu. Azima baiskeli ya hao vijana wa mawese, njia unaijua, pitia Kigwena kwenye kivuli cha msitu, utafika kabla ya adhuhuri. Ukifika kwangu utakuta mihogo na mukeke. Utakula kwanza. Nitakaa nikuangalie mpaka sahani iishe, kwa sababu yeye hangekubali useme jambo zito na tumbo tupu.

Ukishakula tutaenda Minago kwa binti yake, wewe na mimi, kwa baiskeli hiyo hiyo. Nitakaa nyuma, alipokaa yeye, na nitajifunga kwa kanga. Mimi ni muzito kuliko Chausiku, na vilima vya njia ile unavijua. Utasukuma. Utatoka jasho, miguu itatetemeka, na watu watatuangalia kijana anamsukuma muzee kwenye lami isiyo na gari.

Ukichoka, usiniombe nishuke.

Mimi shangazi yako,
Hadjara binti Rachidi